Kichwa cha Samaki Kikielekea Kwako

Mtu aliyekunyima hata njiti ya kiberiti maisha yake yote akikualika kula samaki, usiulize samaki gani. Uliza anataka nini.

Aliyenialika ni Kinyozi, rafiki yangu tangu zamani za nywele. Za kwangu alizinyoa yeye mpaka zikachoka kuota. Mimi nilikuwa fundi wa lifti. Kuna moja niliitia grisi nzuri mno, ikapitiliza ghorofa ya mwisho, abiria tukawashushia juu ya paa. Kinyozi huibishia hadithi hiyo kila nikiisimulia, ingawa yeye mwenyewe alikuwemo. Siku ile niliisimulia njia nzima ya kwenda kula, na akaitikia tu, "Kweli kabisa, Fundi." Nikajua hapa pana jambo.

Tena lilikuwepo suala la kifungo. Shati lake lilikuwa jeupe, lakini kifungo cha pili kilishonwa kwa uzi wa buluu. Kinyozi hajawahi kushika sindano. Na kwangu tuna kibunda cha uzi wa buluu ambacho dada yangu alikipata kiwanda cha mashuka kilipofungwa. Tangu hapo soksi zetu, mito yetu, hata ufagio, vyote vimeshikiliwa na buluu.

Dada yangu ni mjane, nami mke wangu alishatangulia, kwa hiyo tunakaa pamoja. Kila asubuhi hugonga mlango wangu kwa kijiko cha chai na kuuliza, "Kaka, umekufa au umelala?" Duniani hapa hakuna mwingine anayetaka kujua. Kinyozi akimchukua, nitajigongea mwenyewe.

Basi mwaliko nilikuwa nimeukubali, ila niliingia kama mpelelezi.

Mgahawa ule wa Wachina tulikuwa hatujaukanyaga pamoja miaka mingi. Taa za karatasi zilizokuwa nyekundu sasa zina rangi ya ufizi. Meza yetu ya pembeni bado ipo, na juu yake kile kioo cha duara kinachozunguka, ili kila mtu avute sahani aitakayo.

Zamani bibi mwenye mgahawa alitufundisha kwamba samaki huletwa mzima, na kichwa huelekezwa kwa mgeni wa heshima. Sisi tukaongeza sheria yetu: kioo kizungushwe, na yule ambaye kichwa kitamwelekea ajibu swali moja bila uongo, la sivyo mwiba utamkaba. Ajabu ni kwamba samaki alimpenda sana Kinyozi. Wapo wanaodai nilikuwa nikiinua meza kwa goti ili kioo kikwamie upande wake. Watu wana maneno.

Bibi alikuja mwenyewe, mgongo umepinda kidogo, macho yale yale. Hakunitazama mimi.

"Leo mama hakuja?" akamuuliza Kinyozi.

Kinyozi akakohoa kama aliyemeza wembe.

"Mama yupi?" nikauliza.

"Akina mama kwa jumla," akasema Kinyozi. "Bibi anauliza kwa nini biashara imepoa."

Bibi akanigeukia, akaliondoa bakuli la pilipili mbele yangu. "Wewe ndiye kaka wa lifti. Mama alisema pilipili inakuumiza tumbo." Akaenda zake jikoni na pilipili yake.

Nikamwangalia Kinyozi. Kinyozi akaangalia dari.

"Dari limekukosea nini?" nikamuuliza.

"Kula karanga, bwana. Samaki anakuja."

Samaki akaja, mrefu hata mkia wake ukawa karibu kuagiziwa kiti. Sikungoja mchuzi utulie. Nikakizungusha kioo huku swali langu nimelitafuna tayari: nani kakushonea hicho kifungo? Kichwa kikapita kwangu, kikamkaribia Kinyozi, nikainua goti.

Goti likalia kama bawaba kavu, likagoma katikati. Likaniuma hata nikang'ata ulimi. Kioo kikampita Kinyozi polepole, kikaja kusimama kwangu. Jicho la samaki likanikodolea.

"Siku zote nilijua ni goti," alisema Kinyozi.

"Uliza swali lako."

Akafuta mikono kwa karatasi, akaikunja vizuri. "Nataka kumwoa dada yako. Unaogopa nini?"

Nilikuwa na majibu tele, moja lina wake wanne na lingine lina mamba. Lakini mwiba wa samaki ule nilishauhisi kooni, na chakula chenyewe sijakionja.

"Asubuhi," nikasema. "Nani atanigongea?"

Kinyozi hakucheka. Nilitamani acheke, nipate sababu ya kuondoka.

"Nilimwambia ahamie kwangu," akasema. "Akanijibu, ukinitaka, njoo na godoro lako, kaka yangu simwachi. Sasa mimi kwako siombi mke tu, Fundi. Naomba na chumba."

"Chumba kipi?"

"Kile chenye vyuma vyako vya lifti."

"Vile vyuma vina thamani kuliko wewe."

"Dada yako kasema nikuachie uviweke chini ya kitanda chetu."

Kumbe nyumba yangu walishaipanga, hadi uvungu. Nikakisogeza kioo kwa kidole, waziwazi, bila goti, mpaka kichwa kikamwelekea yeye.

"Unakoroma?"

"Hapana." Akamtazama samaki, akameza mate. "Kidogo."

Nikachomoa shavu la samaki, ile nyama laini niliyokuwa nikiiwahi mimi kila mara, nikamwekea kwenye sahani yake. "Kula, shemeji. Upoze koo."

Siku hizi asubuhi kijiko kinagonga milango miwili, na swali limebadilika kidogo: mmekufa au mmelala? Mimi ndiye hujibu. Shemeji yangu bado anakoroma kidogo, na kwa huko kukoroma, juzi winchi kuukuu ya lifti iliyo chini ya kitanda chake ilianza kuzunguka yenyewe, ikampandisha hadi darini. Yeye anabisha.