Maiki Kwenye Kola ya Baba

Kaka yangu ana video themanini na mbili za Baba akiwinda, na katika zote themanini na mbili kinachosikika vizuri ni upepo. Picha hazina kasoro. Unaona nyasi, unaona umande, unaona Baba akitambaa kwa viwiko utadhani ni kijana wa miaka ishirini. Kisha anageukia kamera kueleza alichokiona, midomo inacheza, na unachoambulia ni vuuu, kama mtu anayepuliza chupa. Watazamaji wa mtandaoni wamembatiza jina la Risasi Moja kwa sababu hajawahi kupiga ya pili, na chini ya kila video wanaandika kitu kilekile: mzee anasema nini?

Mimi ni fundi sauti. Miaka kumi na tisa nimejifungia kwenye chumba kisicho na dirisha nikirekodi matangazo ya sabuni, magodoro na dawa za mbu. Nimewahi kumrekodi mtu akikohoa mara sitini kwa ajili ya tangazo la dawa ya kifua. Baba yangu mwenyewe sikuwahi kumrekodi, wala wazo hilo halikuwahi kunijia, mpaka daktari aliposema kwamba uvimbe wa kooni mwake hauna mjadala: Jumanne ijayo wanaondoa kisanduku chote cha sauti. Ataishi, alisema. Atakula, atatembea. Kuongea ndiyo basi.

Kesho yake nikamburuta Baba hadi studio. Nikamkalisha kwenye kiti kizuri na kumwekea maiki ambayo hata wateja wakubwa siwatolei.

"Ongea chochote, Baba."

Akaitazama ile maiki kama mtoto anayetazama sindano. "Niseme nini?"

"Chochote. Nihadithie."

"Haya. Moja, mbili, tatu." Akanigeukia. "Inatosha?"

Saa nzima nilikaa naye, nikaambulia hesabu mpaka saba na swali la choo kiko wapi. Ndivyo alivyo. Ndani ya nyumba maneno yake ni ya kuhesabika. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema yeye kaolewa na kabati. Porini ndiko ulimi unakomfunguka. Akishalala kwenye nyasi hunong'ona bila kuchoka, anazungumza na Kaka, na swala, na watu waliokwishakufa. Kama nilitaka sauti yake, ilibidi niifuate huko. Kibali cha Kaka cha kuwinda kilikuwa kimebakiza swala mmoja, na siku iliyobaki ilikuwa Jumamosi.

Ijumaa Kaka alikuja na kamera yake, akaiweka mezani jikoni kwangu.

"Tatizo ni kamera," akasema. "Ninunue nyingine?"

"Tatizo ni wewe. Maiki iko juu ya kamera, kamera iko hatua kumi nyuma ya mzee, na mzee amevaa koti la nailoni linalochakarika kama mfuko wa mkate. Halafu kwa nini kila siku mnatembea mkiuelekea upepo?"

Akacheka mpaka akashika meza. "Ulitaka tuupe mgongo, swala atunuse tukiwa bado tunashuka garini? Dada yangu, baki na sabuni zako."

Hapo alinikamata, nakiri. Mwindaji lazima upepo umpige usoni, na upepo ndio adui yangu mkubwa. Nilikata vitunguu nikiwa nimekasirika, na jibu likanijia kabla sijamaliza kitunguu cha pili. Kama upepo unampiga Baba usoni, basi kisogoni kwake hakuna upepo. Kichwa chake mwenyewe ndicho ukuta. Maiki ingekaa nyuma, chini ya kola. Sauti ingepungua ukali kidogo, lakini ingekuwa yake.

Kilichobaki kilikuwa kofia ya manyoya ya kuivisha maiki, ya kuzuia kaupepo kokote kangepenya. Nilikata mguu wa dubu wa kuchezea wa binti wa Kaka, naye alinikubalia kwa sharti moja: "Shangazi, uurudishe, na usiushone mbele nyuma."

Jumamosi asubuhi, kando ya gari, nilimvua Baba koti la nailoni nikamvisha sweta lake kuukuu la pamba. Nikamtoa funguo mfukoni, kisha pipi, kisha misumari mitatu ambayo hakuna aliyejua inafanya nini humo. Maiki nikaibandika kwenye kola kwa mkanda wa gundi. Kinasa sauti chenyewe, kidogo kama kiberiti, nikamfunga kiunoni. Wakishaondoka nisingeweza kukigusa tena. Kaka alikuwa ameshasema watu watatu ni wengi mno kwa swala mmoja, mimi nibaki kwenye gari.

Kwanza nilitaka dakika yangu ya kimya. Fundi yeyote wa sauti hurekodi kimya cha mahali, dakika moja bila mtu kuongea wala kusogea, ili baadaye apate cha kuzibia mapengo. Kimya ni kitu kidogo, kwa hiyo nilipandisha kiwango cha kinasa sauti mpaka juu kabisa.

"Dakika moja," nikawaambia. "Sitaki hata mtu ajikune."

Tukasimama. Ndege wawili walikuwa wakijibizana mahali fulani, na nyasi zikisuguana. Nilikuwa nimefika sekunde ya arobaini kwenye saa yangu.

"Mwanangu," Baba akasema, "hivyo viatu vyako vya mjini. Umelowa miguu?"

"Baba!" nikapayuka. "Nimesema kimya! Umeshaniharibia dakika yangu. Tuanze upya."

"Hakuna kuanza upya," akasema Kaka. "Jua likipanda kidogo tu swala wanaingia kichakani."

Baba akanyanyua mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Sikucheka. Niliinama kiunoni pake nikateremsha kiwango cha sauti hadi karibu na chini kabisa, kwa sababu ya bunduki. Mlio mkubwa ukiingia kwenye kiwango cha juu hupasua kila kitu, na nimewahi kupoteza kazi ya siku nzima kwa sababu ya mlango mmoja uliobamizwa. Nikabandika mkanda wa gundi juu ya kitufe ili asikiguse. Nilijiona mjanja kwelikweli.

Wakaondoka. Nilikaa kwenye gari kwa saa tatu nikisubiri mlio, na mlio haukuja. Waliporudi walikuwa mikono mitupu, lakini Kaka alikuwa akitabasamu kwa namna ambayo sijaiona tangu tumzike Mama.

"Ameongea, wewe! Dakika ishirini nzima amelala pale anaongea. Kamtaja Mama, katutaja sisi tukiwa wadogo. Sijawahi kumsikia hivyo."

"Na swala?"

"Alikuwa hatua thelathini. Kamwacha."

"Ana mtoto," Baba akasema. Sauti ilikuwa imemkauka, akaonyesha kidole kwenye chupa ya maji.

Nyumbani nilivaa hedifoni kabla hata sijavua viatu. Upepo haukuwepo, hata kidogo. Na Baba naye hakuwepo. Kiwango nilichokiteremsha kwa ajili ya risasi ambayo haikupigwa kilikuwa kimeumeza mnong'ono wote. Nilipokipandisha kwenye kompyuta, kilichopanda nacho ni mchakacho kama wa mafuta yanayochemka, na ndani yake, mbali, mtu akisema "mama yenu" kisha akizama. Nilisafisha. Nikasafisha tena. Kila nilipoondoa mchakacho niliondoa na Baba, mpaka akabaki kama mtu anayeongea ndani ya debe.

Jumapili yote niliipotezea hapo. Nilimpigia Kaka simu nikamwambia ukweli, kwamba ni mimi nimeharibu, si upepo wala kamera wala yeye. Alisema tu, "Haya, dada." Ningependa angenitukana. Nikaenda kwa Baba nikapiga magoti kando ya kiti chake.

"Baba, pale kwenye nyasi ulisema nini?"

Akaniangalia kwa huruma, akajigusa koo. "Nilishasema," akasema, sauti imebaki mkwaruzo tu. Kesho yake walimlaza hospitali, na Jumanne wakamwingiza chumba cha upasuaji.

Nilikaa na Kaka kwenye benchi la korido. Kwa kukosa la kufanya na mikono nilivaa hedifoni, na kwa mara ya kwanza nikaicheza rekodi tangu mwanzo. Ile dakika nilikuwa nairuka kila mara; nilijua imeharibika. Nikasikia ndege wawili. Nikasikia nyasi. Halafu Baba, karibu kama ameegemea bega langu, sauti nzima, na pumzi yake, na kale kamkwaruzo kake: Mwanangu, hivyo viatu vyako vya mjini. Umelowa miguu?

Halafu mimi, nikipayuka mpaka sauti inapasuka.

Nililia pale pale mbele ya wagonjwa wa watu. Kaka akanivua hedifoni, akasikiliza, akafuta uso kwa shati.

"Hizo kelele zako za mwisho unaweza kuzikata?" akauliza.

"Ni kazi ya sekunde mbili."

Sikuzikata. Nilijaribu jioni, nikaona swali limebaki linaning'inia, nikarudisha kelele zangu.

Siku ya tano Baba aliweza kukaa. Alikuwa na kibomba shingoni, na daftari la shule na kalamu mapajani. Nilimvisha hedifoni taratibu nisimguse jeraha, nikabonyeza. Alisikiliza akiwa ameangalia dirishani. Rekodi ilipofika pale ninapopayuka, mabega yakamtikisika kwa kicheko kisicho na sauti. Akaonyesha kwa kidole: tena. Nikamchezea tena, na mara ya tatu.

Kisha akavua hedifoni, akachukua kalamu, akaandika polepole kwa herufi zake za mtu asiyependa kuandika, akanigeuzia daftari.

*Hukunijibu.*

"Nililowa, Baba," nikamwambia. "Mpaka soksi."