Toa Huku, Toa na Kule

Milinganyo naifundisha kwa mizani, maana ubaoni watoto hunikodolea macho tu. Rula ndefu ya mbao nimeifunga uzi katikati, kila ncha nikatundika kopo. Kopo la kushoto nikatia vifuko viwili vilivyofungwa, vya uzito mmoja, na gololi tatu. La kulia, gololi kumi na moja. Rula ikatulia. Kila kifuko kina gololi ngapi? Kufungua marufuku.

Nikamwita Doto, mtoto wa kaka yangu. Tangu pacha wake, Kurwa, afariki kwa homa wakati wa likizo, hajanyoosha mkono darasani. Nikadhani gololi zitamchangamsha. Akili yangu hiyo!

Akatoa tatu huku, tatu kule. Vizuri. Kisha akatoa kifuko kimoja, na kopo la kulia likashuka puu.

"Toa na kule," nikamwambia. "Nusu."

"Lazima, mwalimu?"

"Lazima. Usipotoa, haikai sawa."

Akatoa nne. Rula ikatulia, wenzake wakapiga makofi. Yeye akanisogelea sikioni.

"Shangazi, ndiyo maana mama ananipeleka kwa bibi? Kurwa katoka, sasa na mimi nitolewe?"

Habari ya kupelekwa nilikuwa siijui.

Jioni nilimwendea wifi yangu, ulimi nimeunoa. Nikamkuta anakunja magauni ya mtoto. Kaka yangu alikuwa mlangoni, anatengeneza kitasa kisicho na ubovu wowote.

"Wifi, una roho gani wewe?"

"Walifanana kama shilingi kwa ya pili," akajibu bila kuinua uso. "Nikimtazama nawaona wawili. Nikihesabu napata mmoja. Nitarukwa na akili, wifi."

Nikamwomba basi mtoto akae kwangu. Akatikisa kichwa, kwangu ni karibu mno. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Asubuhi ya safari Doto alikuwa keshapanda gari, begi mapajani. Mama yake alisimama mbali, kajiziba mdomo kwa mtandio. Gari lilipoanza kuondoka akakurupuka, akalikimbilia dirishani akipiga kelele.

"Kurwa! Kurwa mwanangu!"

Doto akatoa kichwa nje, akamtazama mama yake.

"Abee, mama," akaitika.