Kioo Kilichoanguka Kitengela

Rachel alikuwa mwanamke wa swali moja. Kila asubuhi, kabla hata chai haijachemka, alikipangusa kile kioo cheusi kwa pindo la leso yake, akakiuliza, "Nani anajua nyasi kuliko wote Kajiado?" Na kioo, ambacho hakijui kudanganya wala kubembeleza, kilimjibu kwamba ni yeye, Rachel. Hapo ndipo chai iliposhuka vizuri.

Kioo hicho hakikununuliwa dukani. Kilianguka kutoka angani mwaka wa El Niño, kipande cha setilaiti ya nani sijui, kikajichimbia kwenye shamba la Tajeu huko Kitengela. Macho yake yalibaki juu yakizunguka, sauti ikabaki shambani. Tajeu alikifundisha Kimaa na Kiswahili kwa subira ya baba, kikawa kinamwambia mvua imenyesha wapi kuanzia Magadi hadi Kimana. Kisha homa ikamchukua Tajeu. Mke wake wa kwanza alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo kioo, ng'ombe na binti aliyemwachia, Nalangu, vikaangukia mikononi mwa Rachel, mke wa pili.

Ukame wa mwaka 2000 ulimfanya Rachel kuwa mtu mkubwa. Wazee waliokuwa hawampi hata kiti walikuja kumbembeleza awaambie wahamie wapi. Lakini kioo kilitazama kutoka juu, na kutoka juu kila kijani ni kijani. Mara mbili aliwapeleka watu kwenye magugu, ng'ombe wakavimba matumbo na kufa. Nalangu, miaka kumi na sita, alikuwa akienda na ng'ombe wake mwenyewe, anainama, anatafuna jani, anatema, anasonga mbele. Ng'ombe wake walirudi wamenona. Wafugaji wakaanza kumfuata yeye, kimyakimya kwanza, halafu waziwazi.

Asubuhi moja kioo kikajibu, "Nalangu." Rachel hakunywa chai siku hiyo.

Alimwita Isaac, dereva wa lori la mifugo, uani kwake, akamwagiza ampeleke msichana kwenye ziwa la Magadi, amwache katikati ya ile chumvi inayochoma, na asirudi bila shanga zake. Isaac alikubali kwa sababu ya woga, na akashindwa kwa sababu ya moyo. Alipofika Oltepesi aliegesha lori chini ya banda la Ruqia, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka kaskazini mashariki, akamtoa Nalangu chini ya turubai na kumweleza Ruqia na wanawake wa bandani yote. Kile kitu cha Rachel, alisema, kinamtazama mtu kutoka juu na kumtambua kwa kichwa chake. Ruqia hakuuliza mengi. Aliingia ndani akatoka na buibui ya binti yake Kafiya, akamvika Nalangu mpaka nyusi. Isaac akarudi Kitengela na shanga zilizopakwa damu ya mbuzi.

Rachel alinyoa nywele akaomboleza. Aliomboleza vizuri, tena kwa sauti. Na kwa kuwa Wamaasai hawalitaji jina la aliyekufa, jina la Nalangu likafungwa siku hiyo hiyo. Wale waliomfuata kwenye nyasi wakawa wanasema "yule wetu" na kutazama chini. Habari hiyo ilimfikia Nalangu Oltepesi kupitia Isaac, nayo ilimuuma kuliko ziwa ambalo lingemuua. Ng'ombe wanaibiwa na kurudishwa. Jina lake lilikuwa limezikwa yeye akiwa hai, na hakulala usiku hata mmoja bila kuwaza jinsi Rachel atakavyolipia.

Miezi ikapita, kioo kikimtaja Rachel tena, mpaka siku mvua ndogo iliponyesha Oltepesi. Watu wote walitoka nje kulowa, na Nalangu, kwa furaha ya kijinga ya msichana wa miaka kumi na sita, akavua hijabu akaiacha mvua impige utosini. Ilitosha. Kesho yake kioo kikamwambia Rachel jina lile lile, na mahali.

Rachel alikuja siku ya soko amejifunika shuka kuukuu, amejipaka majivu usoni, na kikapu cha nyanya za Kimana mgongoni. Alikuta wasichana watano wa Ruqia na majirani wamesimama penye mbuzi, wote ndani ya buibui, wote wembamba, wote wanamtazama. Hakujua ni yupi. Basi akafanya kile ambacho mama yeyote mzee wa Kimaasai angefanya: aliwakaribia, akanyoosha mkono kuwasalimia. Wanne walimpa mkono. Wa tano aliinamisha kichwa ili kiguswe, jinsi mtoto wa Kimaasai anavyofundishwa tangu ajue kusimama.

Nalangu aligundua kosa lake mkono ulipokuwa tayari utosini. Lakini mkono ulikuwa mwepesi, uso ulikuwa wa bibi yeyote, naye alikuwa na hamu kubwa ya kuguswa na mtu wa kwao. Hakuwa ameguswa hivyo tangu baba yake afe. Alipopewa nyanya akaiuma. Ndani yake kulikuwa na sumu ya kutegea fisi. Kipande kikamkwama kooni kabla hakijashuka, akaanguka hapo hapo mbele ya mbuzi, na bibi wa nyanya akaondoka bila haraka.

Hawakusikia pumzi wala mapigo. Majirani walinong'ona kwamba huyu si Mwislamu, aitwe mchungaji. Ruqia akawaambia amefia mkononi mwake na ataoshwa kama aliyemzaa. Wakamlaza ndani kwenye kitanda cha kuoshea. Ruqia alimwinua mgongo taratibu, akapitisha kiganja tumboni na kubonyeza, kama inavyofanywa kwa kila maiti ili kilichobaki kitoke. Kilichotoka ni kipande cha nyanya. Halafu kikohozi. Kafiya alidondosha birika akakimbia hadi barabarani.

Nalangu alilala pale amelowa, anatetemeka, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Rachel."

"Mshukuru Mungu kwanza, mwanangu," Ruqia akasema.

"Nitamshukuru nikimaliza, Mama Kafiya."

Wiki iliyofuata wafugaji walikutana Kajiado, uwanja wa mnada, kuambiwa pa kuhamia. Rachel alikaa kwenye kiti cha mbele, kioo kimeegemezwa mbele yake. Nalangu alifika na lori la mbuzi, akapenya katikati ya watu, akasimama. Akavua hijabu.

Rachel hakumwona. Alikuwa anauliza swali lake kwa sauti, ili wote wasikie.

"Nalangu," kioo kikasema.

Watu walishtuka. Hakuna aliyewahi kusikia jina la marehemu likitamkwa mkutanoni. Mzee mmoja alianza kukikemea, na ndipo walipomwona msichana mwenyewe amesimama juani, kivuli chake miguuni.

"Huyu anauliza swali moja tu," Nalangu akawaambia. "Mimi niko na lingine." Akakigeukia kioo. "Nani alinipa nyanya Oltepesi?"

Kioo kilikuwa kimeona kila kitu na hakikuwa kimeulizwa. Kikaeleza mwendo wa Rachel kutoka Kitengela, shuka, kikapu, mkono utosini, msichana chini. Kikaeleza pia amri aliyopewa Isaac pale uani. Hakikuongeza hata chumvi. Rachel alisimama, akaketi, akasema ni uongo, na hakuna aliyemtazama.

Wazee walitaka atozwe ng'ombe. Nalangu akakataa. Alikotaka nifie, alisema, huko ndiko apelekwe, jua limchomozee katikati ya chumvi, na viatu avue. Walikuwa wamelizika jina lake bila kuuona mwili, na kwa aibu hiyo hakuna aliyekuwa na mdomo wa kumpinga. Isaac ndiye aliyeendesha, usiku huo huo.

Kesho yake Nalangu aliamka Kitengela, kwenye nyumba ya baba yake. Ng'ombe wake walikuwa zizini. Watoto wa jirani walipita wakimwita kwa jina, wanaita bila sababu, kwa raha tu ya kulisema. Aliketi mbele ya kioo.

"Rachel yuko wapi?"

"Ziwani, Magadi. Chumvi imepata moto. Anainua mguu mmoja, anaweka, anainua mwingine. Anaruka."

"Bado ana nguvu?"

"Zinapungua. Jua likizidi ataanguka."

Nje, injini ya lori ilikuwa inanguruma. Isaac alikuja mlangoni, kofia mkononi, macho mekundu ya mtu ambaye hakulala.

"Niko na maji kwa gari," akasema. "Nikitoka saa hii nampata. Sema tu, mama."

Hakuwahi kumwita mama. Nalangu alimtazama mtu huyu aliyemwokoa, akatafuta moyoni mwake mwenyewe mahali huruma inapokaa. Alipapata, palikuwapo. Kisha akakumbuka ule mkono ulivyokuwa mwepesi utosini mwake, na jinsi alivyoupenda.

"Zima gari, Isaac," akasema, na akaenda kukamua.