Mkono wa Kiatu

Dada yangu alifeli mara mbili kushona utumbo wa bandia. Nasema wazi, maana mtaani walishaanza kumwita daktari bingwa kabla hajawa, na mtangazaji mkuu nilikuwa mimi.

Udaktari alishaupata zamani, anatibu watu. Alichokuwa anakifukuzia ni upasuaji. Hospitali yao ina chumba cha mazoezi kimejaa midoli isiyo na miguu, mikono ya mpira inayotoka damu ya rangi, na meza yenye taa kubwa kama ya kwenye upasuaji wenyewe. Humgusi mtu mpaka umalizane na midoli. Mtihani wa mwisho ni huu: unapewa utumbo wa mpira uliokatwa katikati, unauunga kwa sindano na uzi, halafu Profesa anapitisha maji ya buluu ndani. Ukilegeza, unavuja. Ukikaza mno, uzi unachana mpira, unavuja vilevile. Nafasi ni tatu. Ya tatu ikikushinda, unahamishiwa idara nyingine, na kisu utakutana nacho jikoni tu.

Siku aliyofeli mara ya pili alikuja moja kwa moja karakana kwetu. Baba ni fundi viatu, na mimi pia, tangu nilipoacha shule kidato cha pili. Sikufukuzwa, benchi lilikuwa linaniuma tu. Dada akakaa kwenye kigoda cha wateja, akanipa karatasi aliyoandika Profesa. Maneno mawili: Anakaza mno.

"Kichwa kinajua," akasema. "Mkono ndio hausikii."

Nikamwambia anionyeshe. Akachukua kipande cha ngozi, akapiga mishono mitatu. Kila akimaliza mmoja anazungusha uzi kwenye kidole, kiwiko kinarudi nyuma, kap. Nikacheka mpaka akataka kunipiga na kiatu cha mtu. Mkono ule naujua. Ni wa Baba. Alitufundisha wote wawili hata hatujafika miaka kumi: vuta mpaka ngozi ilie. Kiatu kisipokazwa kinaingiza maji, na mteja anakurudia na mdomo wake wote. Dada alikuwa anaunga utumbo kama anabadilisha soli.

Baba alisikia yote. Akainamia kazi yake, akagonga nyundo mpaka tunafunga.

Mimi kukaa na jambo siwezi. Kesho yake nikaanza kutafuta kitu kitakachomwadhibu kila akikaza. Midoli ya hospitali wanapanga foleni, anaipata mara moja kwa wiki. Tyubu ya baiskeli ikawa ngumu, ukivuta inakucheka. Sponji ikawa inameza uzi bila kulalamika. Mwisho nikapaka gundi ya mpira kwenye kioo, tabaka juu ya tabaka, ikakauka, nikaibandua. Ikatoka nyembamba, inanyumbuka, ina unyevunyevu wa ajabu. Nikaizungushia kwenye mpini wa ufagio, nikaibandika ubavuni, nikauchomoa mpini. Utumbo huo. Dada akaubinya, akafumba macho, akasema wa kweli unateleza zaidi. Nikaupaka sabuni.

Kila jioni akitoka kazini anapitia karakana kabla jua halijazama. Akikaza, utumbo unachanika, nami nachora mstari wa chaki ukutani. Marehemu. Siku ya kwanza aliua kumi na mmoja. Siku ya nne aliua tisa. Nilimwambia kwa mwendo huo bora afungue kampuni ya majeneza, hakucheka. Mkono ukikumbuka kulegeza mshono wa kwanza, wa tano unasahau.

Wiki ilipoisha Baba akaweka nyundo chini. Akaja akasimama nyuma ya dada, akauokota ule utumbo uliochanika, akaugeuzageuza.

"Mwanangu, mimi nilikufundisha kushona kitu kilichokufa," akasema. "Ngozi ya kiatu haiwezi kujiunga yenyewe, ndiyo maana tunailazimisha. Hicho chako kiko hai. Kisogeze tu kikutane na mwenzake. Kazi iliyobaki kitafanya chenyewe."

Dada akajifuta sabuni vidoleni. Akachukua utumbo mwingine, akashona polepole, na safari hii kiwiko hakikurudi nyuma. Siku ile hakufa mtu. Iliyofuata, mmoja.

Siku ya mtihani nilimsindikiza. Mkobani alikuwa na utumbo wangu wa akiba, mkononi mwingine wa kupashia vidole moto, na Profesa akamkuta nao. Mama mrefu, miwani puani, hacheki na mtu. Akauokota, akapitisha uzi, akauvuta kidogo, ukachanika. Akauliza umetoka wapi. Dada akaninyooshea kidole pale nje ya dirisha la kioo. Profesa akaniangalia kuanzia viatu, na viatu vyangu mimi havina aibu, halafu akauliza kama kuna mwingine mzima. Ulikuwepo, ule wa mkobani. Akasema mtihani utafanyika kwa huo, maana wa kwao unasamehe sana.

Nikasogea mpaka paji la uso likagusa kioo.

Dada akashona. Sikuona uso wake, niliona kiwiko. Kilitulia ubavuni kama kimelala. Mishono kumi na minne, niliihesabu bila kuruka hata mmoja. Kisha Profesa akamimina maji ya buluu, utumbo ukajaa, ukavimba, tukasubiri.

Tone likatokea. Moja, la buluu, likaning'inia.

Profesa akachukua kalamu. Nikasukuma mlango, wala sikubisha hodi.

"Hilo ni la kwangu," nikasema. "Limetoka ubavuni nilipobandika gundi. Mshono wake uko juu. Angalia mwenyewe, mama."

Dada alinitazama kama anataka kunizika. Profesa hakunifukuza. Akafuta tone kwa kitambaa, akainama mpaka miwani ikakaribia kulowa, akageuza utumbo taratibu. Tone la pili likatoka palepale ubavuni. Akapitisha kidole kwenye mishono yote kumi na minne, akakiangalia. Kikavu.

"Daktari amefaulu," akasema. "Fundi amefeli. Fundi arudie, aniletee ishirini, na zisivuje."

Tulirudi karakana dada akiwa ameniegemea begani, anacheka, anafuta macho, anacheka tena. Nilimtangulia kuingia maana habari ile ningepasuka nayo. Nikampa Baba yote, nikasimama nasubiri. Baba akaubana mkono wa kulia wa dada kati ya mikono yake miwili, ile yenye gundi isiyotoka, akakaa nao hivyohivyo.

Halafu akanigeukia.

"Na ubavu wako umevuja kwa nini?"

Nikamwambia sikusubiri gundi ikauke vizuri. Akasema anajua, hata kusubiri mvua ipungue siwezi. Akasogea, akanipa nafasi kwenye benchi lake, upande wenye mwanga.