Mume Aliyesamehewa

Wivu wa Pi-yun ulikuwa wa macho makavu. Hakutoa chozi hata siku alipowapeleka polisi kwenye nyumba ya wageni, mlango ukafunguliwa, na mumewe Kun-lung akakutwa kitandani na Chiu-lan, fundi cherehani wa mtaa wa pili. Polisi walikusanya mashuka wakayatia kwenye mfuko. Katika mji wa Tainan, Taiwan, miaka ile uzinzi ulikuwa jinai, na shuka lilikuwa ushahidi.

"Umfunge mumeo, una wazimu?" dada yake alimfokea. "Utapika sheria ule? Msamehe yeye, huyo kimada wake aozee ndani. Wenzako wote wanafanya hivyo."

"Na akimrudia?"

"Amrudie mfungwa? Akafanye nini huko?"

Sheria iliruhusu: mke aweza kumfutia mume kesi, mwanamke akabaki kizimbani peke yake. Pi-yun akamfutia. Alimtaka Kun-lung wake mzima, kisibaki hata kipande kwa mtu. Lililomponyoka ni kwamba mume aliyesamehewa hugeuzwa shahidi.

"Siku ile mlifanya nini chumbani?" mwendesha mashtaka alimuuliza Kun-lung.

"Nilimwosha nywele."

Watu wakaangua kicheko. Pi-yun roho ilimuuma. Tangu amwoe, Kun-lung hakuwahi kumgusa kichwa, hata kumpima homa.

"Jibu swali, bwana."

"Ndilo jibu. Alikuwa amejichoma sindano, kidole kimevimba. Nikamwosha, nikamkausha, nikamchana. Ndipo tukalala."

"Mara ngapi?"

"Nywele?"

"Hayo mengine!"

"Hayo sikumbuki. Nywele ni kila Alhamisi."

Kizimbani Chiu-lan alikuwa ameinama, nywele zimemfunika uso. Pi-yun alizichukia nywele zile kuliko alivyoyachukia mashuka. Wangekuwa wanafanya uchafu tu, angesamehe akalala usingizi wake.

Akasimama. "Mheshimiwa, mnyamazisheni! Nimetosheka!"

Hakimu alivua miwani. "Mama, mlalamikaji ni wewe. Mwondolee na huyu mwanamke kesi, sasa hivi, shahidi ashuke na sote twende nyumbani."

Kun-lung, kwa mara ya kwanza tangu siku ya polisi, alimtazama mkewe usoni, akimsihi kwa macho. Hakuwa akijiombea mwenyewe.

Pi-yun aliliona hilo.

"Shahidi aendelee," akasema, akaketi kusikiliza.