Pengo Linalopiga Baritoni

Ulitazama pembeni. Usibishe. Ulikuwa umekaa safu moja na sisi katika uwanja wa Fostoria, Ohio, na wakati Taa za Bondeni wanaingia uwanjani wewe ulikuwa unafuta jibini ya chipsi za nacho kwenye suruali. Uliona kwamba safu ya baritoni, zile tarumbeta nene za sauti nzito, imepungukiwa na mtu mmoja. Ukarudi kwenye suruali yako.

Kwa anayejifanya hajui: Taa za Bondeni ni kikosi cha beni, vijana wa tarumbeta na ngoma wanaozunguka nchi kwa mabasi kila kiangazi, wanalala kwenye sakafu za kumbi za michezo, na jioni wanashindana mbele ya watu kama sisi. Kila kijana ana mahali pake kwenye nyasi kwa kila pigo la muziki. Mmoja akiugua, nafasi yake haijazwi, maana mwenzake akisogea hatua moja atagongana na mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote. Kwa hiyo pengo nalo hutembea. Linakwenda mbele, linageuka, linarudi kinyumenyume likipishana na wenzake, nao wanaliachia njia kama mtu. Mashabiki tunayajua mapengo. Tunayanung'unikia kama wakulima wanavyonung'unikia ukame, kwa sababu yanapunguza alama.

Pengo la jioni ile lilifika mbele katikati ya wimbo wa pili, mahali pa solo ya baritoni, likapiga solo.

Lilipiga vizuri. Sauti ilitoka hewani, kwenye kimo cha mdomo wa msichana asiye mrefu sana, ikapanda mpaka safu yetu ikiwa nzito na yenye uvuguvugu. Mwamuzi wa tarumbeta alilisogelea, akasimama mbele yake, akasema maneno mawili matatu kwenye kinasa sauti chake, akaendelea na kazi. Delbert Hruska akainama kumwambia Lorna Petrie kwamba hiyo ni maiki.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Delbert alipiga tarumbeta mwaka 1974, na bado anavaa jaketi la kikosi chake katika joto la kiangazi, ingawa vifungo na matundu yake havijakutana tangu miaka ya themanini. Kwake yeye beni lilikufa siku waliporuhusu vipaza sauti uwanjani. Lorna alifundisha muziki shuleni mpaka akastaafu. Friji ikinguruma anakwambia ni noti gani na imeshuka kiasi gani. Alisema maiki hutia bati kwenye sauti, na sauti hii haikuwa na bati.

"Iko wapi hiyo maiki, Delbert? Hata mtu mwenyewe hayupo, itabandikwa wapi?"

"Wameifukia kwenye nyasi. Hawa wa siku hizi hawana haya, mama."

"Masikio yako yameota kutu kama tarumbeta lako."

Wengine tukaingilia. Kuna waliosema solo ya mtu asiyekuwepo isihesabiwe. Wengine wakajibu kwamba kanuni zinataka mpigaji awe kijana, hazisemi popote kwamba lazima aonekane. Tulibishana muda wote wa kikosi kilichofuata, vijana zaidi ya mia waliopiga kwa roho zao zote, na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kukwambia walipiga nini.

Alama za Taa za Bondeni zilipanda. Ubishi nao ukapanda.

Wiki iliyofuata walikuwa Toledo. Kabla ya onyesho wapiga tarumbeta hupasha midomo moto kwenye maegesho ya magari, wamejipanga nusu duara, na mashabiki husimama karibu nao wamefumba macho kama watu wanaoombewa. Pengo lilikuwapo, kati ya baritoni wawili. Delbert alikuja kutafuta waya. Alipapasa lami, alipapasa hewa, kisha akaingiza kichwa ndani ya pengo na kukaa humo mpaka ngazi ya noti ikapanda na kushuka. Alipokitoa, masharubu yake yalikuwa yamelowa. Alikiri kwamba waya hakuna. Kuna pumzi, alisema, inanuka pipi ya mnanaa, na inachelewa kidogo kuanza noti. Lorna akasema haichelewi, ila kuna mtu alikuwa ameziba njia kwa kichwa.

Wakati huo akaja mwanamke aliyevaa fulana ya madereva wa mabasi ya shule ya Laredo, Texas. Jina lake Graciela Ochoa. Alipita katikati yetu bila kuomba radhi, akasimama mbele ya pengo, akasikiliza kama mzazi anavyosikiliza nje ya mlango wa chumba cha mtoto. Kisha akasema huyu ni Maribel, binti yake.

Tulifurahi sana. Jina hatukuwa nalo. Sisi tunakumbuka alama za kila mwaka mpaka tarakimu ya mwisho, na mpiga tuba aliyezimia Kansas mwaka 1988 tunamkumbuka vizuri, yaani tunakumbuka suruali za kikosi chake zilikuwa nyeupe. Tukampongeza mama. Lorna akamwambia binti yake ana sauti safi kuliko baritoni yeyote aliyewahi kumsikia. Mtu akamletea kiti cha kukunja na soda ya barafu.

Graciela hakukaa. Alieleza, bila kupandisha sauti, kwamba Maribel amelazwa hospitali ya ng'ambo ya barabara kuu tangu alipoanguka kwenye kambi ya mazoezi ya kikosi, humuhumu Toledo, kwenye lami, jua la saa saba. Figo zimeanza kupata nafuu. Tatizo ni pumzi. Mchana anapumua kama watu wengine. Ikifika saa ya onyesho kifua kinajaa, hewa inatoka bila kupita puani wala mdomoni, na madaktari hawajui inakwenda wapi. Sasa yeye amejua. Na kinachomtesa zaidi, alisema, ni noti ya mwisho.

Noti ya mwisho ya Taa za Bondeni ni maarufu. Kondakta wa muziki huishikilia kadiri watu wanavyoshangilia. Tukizidisha makofi, vijana nao wanazidi kuivuta. Raha yenyewe ndiyo hiyo.

"Wiki iliyopita midomo yake iligeuka bluu," Graciela alisema. "Mlikuwa mnapiga makofi?"

"Tuliyapiga tumesimama wima, mama," Delbert akajibu, kwa unyenyekevu wa mtu anayepokea shukrani.

Graciela akauliza nani alikuwapo siku alipoanguka. Tulikuwapo wote. Sisi huomba likizo kazini ili tukaangalie mazoezi, tumekaa chini ya miavuli. Lorna aliikumbuka siku ile vizuri sana.

"Binti alisema anaona giza. Bwana Haskell akasema 'mara moja tena', kama kawaida yake. Na hiyo 'mara moja tena', mama Maribel, ndiyo iliyokuwa safi. Tulisema palepale, mwaka huu wanachukua kikombe."

"Maji hamkuwa nayo?"

Lorna alifikiri kidogo. Akasema yalikuwepo mengi tu, na barafu.

Bwana Haskell, mkurugenzi wa kikosi, alikuwa amefika na kusikia. Ni mtu mpole, anashika majina ya mama zetu. Graciela alimwomba jambo dogo: jioni moja tu, solo iachwe na noti ya mwisho ikatwe mapema, ili pumzi ya mtoto ipate kurudi ilikotoka. Haskell akajibu kwamba kwake yeye hakuna shida yoyote. Ila kikosi kinaishi kwa mashabiki wake. Mashabiki wakisema solo iondoke, itaondoka jioni hiihii. Akatugeukia.

Graciela akatutazama mmoja mmoja. Lilihitajika neno moja, na lilikuwa fupi.

Delbert, aliyeipinga solo ile tangu Fostoria, alikohoa akasema kwamba, tuseme ukweli, solo ikitoka wimbo wa pili unabaki hauna shingo. Lorna akauliza kwa nini isipewe tuba. Mtu akasema tuba itafanya pale pawe pazito. Mwingine akasema uzito ndio uliokosekana tangu mwanzo wa msimu. Tulibishana kwa bidii, tena kwa heshima, tukitoa mifano ya vikosi vilivyovunjika kabla vijana hawa hawajazaliwa. Lorna alikuwa karibu kushinda. Tulipoinua macho, maegesho yalikuwa matupu, Graciela ameshakimbilia kando ya kitanda, na Taa za Bondeni wako uwanjani wanaanza.

Tukakimbia kuwahi viti, vile tunavyokimbia siku hizi, yaani tulitembea huku tumekunja ngumi.

Solo ilitoka safi kuliko Fostoria. Noti ya mwisho ilipofika, Lorna aliikalia mikono yake, kweli aliikalia, na Delbert akatia yake mifukoni. Halafu tuba wakaingia kwa sauti ya chini kabisa, sauti zikashikana zote, na mikono ikatoka ilikokuwa. Uwanja mzima ukasimama. Vijana wakaishiwa pumzi mmoja baada ya mwingine na kushusha tarumbeta zao, na pengo likabaki linaivuta peke yake, nyembamba, imenyooka, kwa muda wote tulioendelea kupiga makofi. Tuliendelea sana.

Maribel yuko hai. Sasa anapumulishwa na mashine, mchana na jioni. Graciela hajarudi kwenye maegesho. Siku tatu baada ya Toledo kijana mmoja wa tarumbeta alianguka kwenye lami ileile ya mazoezi baada ya "mara moja tena" nyingine ya Haskell, na sasa mapengo ni mawili. Yanapiga pamoja, yanasikilizana vizuri, na waamuzi wameyapa tuzo ya usawa wa sauti. Delbert hataji tena maiki. Anasema mawili yanajaza vizuri kuliko moja, na kwamba matatu huenda yakawa bora zaidi.

Fainali ni Jumamosi. Leo kuna mazoezi, na unapafahamu mahali, ulishawahi kukaa pale na mwavuli wako. Inuka. Ingia katikati ya nusu duara, usimame. Watakuomba usogee, usisogee. Kijana akisema anaona giza, mshike mkono umpeleke kivulini kabla mtu hajasema "mara moja tena". Jumamosi, noti ya mwisho ikianza, kaa chini na ukunje mikono, hata kama itakuwa nzuri. Itakuwa nzuri. Na usitusubiri sisi. Sisi bado tunabishana kama sauti ya pengo la pili imepanda kidogo. Nenda sasa, lami imeshaanza kuchemka.