Mkono wa Daktari Haskell

Askari wa ngome yetu ya Arizona walimwita Daktari Orrin Haskell "Mshona Ngozi", naye akiitika. Alikuwa mwembamba, mkimya, na sikuwahi kumwona akigusa bunduki ila kuisogeza kando apate mahali pa kuweka mkoba wake wa vyuma.

Siku moja ya kiangazi tulinaswa bondeni. Waapachi, ambao nchi ile ilikuwa yao kabla hatujaijengea ngome, walikuwa juu ya majabali pande zote mbili. Koplo Lafferty alipigwa mshale chini ya shingo, akaanguka peupe, mbali na mawe tuliyojifichia. Kepteni akakataza mtu yeyote kutoka. Haskell alimsikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akatoka akitambaa na mkoba wake.

Nami nikamfuata. Nadhani niliona haya kubaki.

Tulimkuta Lafferty ameshaushika mshale auchomoe. Daktari akamzuia. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba kichwa cha mshale hufungwa kwa kano ya mnyama, na kano ikilowa damu hulegea. Ukivuta, mti unakuja peke yake, chuma kinabaki kando ya mshipa mkubwa. Akapitisha kitanzi cha waya kwenye jeraha, akakitafuta kile chuma kwa kupapasa. Risasi zilirusha changarawe nyusoni mwetu.

Moja ikampata daktari kwenye kiwiko cha kulia. Aliutazama mkono unavyoning'inia, kisha akanitazama mimi.

"Sajini Rourke, shika waya."

"Daktari, mimi kwetu Ayalandi nilikuwa mchinja nguruwe."

"Afadhali. Unajua nyama inavyoshika. Usivute mpaka nikwambie."

"Ole wangu," Lafferty akanong'ona, "nimekabidhiwa bucha."

Haskell akaingiza kidole cha kushoto ndani ya jeraha, akausukuma mshipa pembeni, akaniongoza: shusha, zungusha kidogo, acha, subiri. Jasho lilinipofusha. Kitanzi kikanasa kitu kigumu.

"Sasa. Polepole."

Chuma kikatoka, na damu haikufoka. Tulimlalia Lafferty kumkinga mpaka wale wa majabalini walipoondoka zao.

Lafferty alipona, akarudi kutukana kama zamani. Mkono wa daktari haukukatwa, lakini vidole vilikufa ganzi. Mwaka uliofuata jenerali alikuja kumvika nishani ya ushujaa mbele ya gwaride. Jioni nilimpa pongezi. Akaniambia hajui anapongezwa kwa lipi, maana daktari wa upasuaji asiye na mkono ni sawa na kinyozi asiye na wembe. Wakubwa walimtaka astaafu. Akakataa, akajifungia na ngozi za kulungu, akizikata na kuzishona kwa mkono wa kushoto.

Mtu wa kwanza kupasuliwa kwa mkono huo nilikuwa mimi. Risasi niliyopigwa doriani ilikuwa imekaa pajani, na homa imeshapanda. Kepteni alitaka nipelekwe ngome nyingine, safari ambayo nisingeimaliza hai. Haskell alisimama kando ya kitanda, kisu kikiwa mkono wa kushoto.

"Rourke, kama hutaki, sema tu. Sitakasirika."

Niliogopa. Nikamwambia akate.

Alikata kwa muda mrefu kuliko daktari yeyote, na kovu limekaa upogo. Nachechemea mpaka leo. Lakini usiku ule homa ilishuka, na alfajiri nilimkuta kalala kwenye kiti pembeni yangu, kisu kikiwa bado mkononi.